Nishikie Kidogo

Ghizlan alipofungua ghala asubuhi ile alikuta unga sakafuni. Haukuwa mwingi, kiganja kimoja au pungufu, umelala chini ya picha kubwa kuliko zote kama vile mtu kapita hapo na mfuko uliotoboka. Akaugusa kwa kidole, akanusa. Alijiambia ni chokaa, maana ghala lile ni la kale, limetunza nafaka za Azemmour tangu enzi za mababu, na kuta zake zina haki ya kubanduka. Akachukua ufagio, akafagia. Chokaa hainuki shayiri iliyosagwa sasa hivi, na Ghizlan alilijua hilo. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huamini lolote litakalompunguzia kazi.

Uchovu wake haukuwa wa jana wala juzi. Miaka mingi alishona katika kiwanda cha nguo kule Jadida, akipanda basi la wafanyakazi kabla jua halijatoka na kushuka likiwa limeshazama. Aliolewa, akaachwa bila mtoto, akarudi kwa mama yake katika nyumba iliyoegemea ukuta wa mji mkongwe, juu ya mto Umm Rabia. Ukimuuliza habari, alijibu, "Nimechoka." Ikawa ndiyo salamu yake. Mwishowe watu wakaacha kumuuliza, na sisi watu wa Azemmour hatuachi kumuuliza mtu kirahisi.

Picha zilikuwa za mama yake, Lalla Dawia. Bibi huyu hajui kuandika hata jina lake, wala hakuna aliyemfundisha kushika brashi. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa kupaka rangi milango. Alipokufa aliacha makopo yenye rangi nusunusu, na Dawia, ambaye hapendi kitu kiharibike, akaanza kuyamalizia. Alichora juu ya milango ya makabati mabovu, juu ya mbao za masanduku ya samaki, juu ya plaiwudi aliyookota. Alichora hadithi alizozisikia kwa bibi yake: mji mzima ulio ndani ya komamanga, bwana harusi anayechanwa nywele na nyoka, ndege wenye nyuso za watoto waliokataa kunyonya. Vichwa vya watu wake vilikuwa vikubwa kuliko nyumba zao. Ukimuuliza sababu, alisema kichwa ndicho kinachouma.

Alikuwa na sharti moja. Alichora baada ya magharibi tu, na mchana picha zote ziligeuzwa uso ukutani, zikasimama hivyo kama watoto walioadhibiwa.

Aliyekuja kuzigeuza zitazame watu alikuwa Madani, seremala wa mtaani, mtu wa maneno mengi na kichwa kisicho na unywele hata mmoja. Alikuja kurekebisha dirisha, akachungulia nyuma ya ubao mmoja, akasahau dirisha.

"Lalla Dawia," alisema, "watu wa Casablanca wakiziona hizi watalia."

"Walie kwao."

"Tuziweke kwenye lile ghala la nafaka. Baraza la mji limelipaka chokaa, limekaa bure. Tufungue asubuhi, tufunge alasiri, watu waingie waone."

"Hadithi haisimuliwi mchana, Madani. Mwenye kuisimulia mchana, watoto wake huota kipara."

Madani akavua kofia. "Kumbe mama yangu, Mungu amrehemu, alisimulia asubuhi na adhuhuri, chakula cha mchana asile!"

Dawia alicheka mpaka akashika magoti yake mabovu. Ghizlan hakucheka.

"Mimi sina mtoto wa kuota kipara, mama," alisema. "Unaogopa nini?"

Kicheko kikakatika. Ghizlan aliendelea, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Watu wakizipenda nitaacha kile kiwanda. Nataka kulala mpaka jua linichome usoni. Siku moja tu, mama. Nimechoka."

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na Dawia alimchelea. Akaangalia mikono yake, ambayo siku zote ilikuwa na hina, akasema, "Zichukueni. Lakini ziacheni zilivyo."

Hawakuziacha zilivyo. Chini kabisa ya kila picha, Dawia alikuwa akipaka ukanda mwembamba wa buluu, unaoanzia pembe moja na kutokea pembe nyingine mpaka kwenye unene wa ubao. Ghizlan aliuona tangu zamani, akadhani mama yake anafutia brashi pale. Madani alitengeneza fremu pana za mti wa mlozi, nzuri za kupendeza, na ule uchafu wa chini ukafichika. Dawia hakuwepo siku ya kutundika. Magoti yalimlaza.

Watu walikuja. Walikuja kweli, na walisimama mbele ya zile picha kama waliokumbuka jambo. Lakini siku hazikupita nyingi, Ghizlan akagundua kwamba kila mgeni alikuwa anapiga miayo. Mwalimu mmoja wa Jadida aliomba kiti, akalala ameketi, na alipoamka aliuliza ni mwezi gani. Mama mmoja aliyeingia amembeba mjukuu alitoka anasema mjukuu amekuwa mzito ghafla. Na Ghizlan mwenyewe, ambaye sasa kazi yake ilikuwa kukaa kitini tu, alikuwa akirudi nyumbani mifupa inamuuma kuliko alipokuwa akishona. Mabega yalimwaka. Viganja vilimwaka pia, na hakuelewa kwa nini, maana hakuwa ameshika kitu siku nzima.

Kila asubuhi unga ulikuwepo, na kila asubuhi ulikuwa umezidi.

Ile picha iliyokuwa juu ya unga, kila mtoto wa Azemmour anajua hadithi yake. Mwaka wa njaa, jini mwanamke alifika kwa mjane akaomba mahali pa kulala. Mjane akamwambia asage kikapu kimoja cha shayiri kwanza, ndiyo kodi ya kitanda. Jini akaapa hatalala mpaka amalize. Mjane, kwa tamaa, kila jini alipopepesa macho alimwaga kikapu kingine. Shayiri haikuisha. Jini akachoka, akamwambia binti mkubwa wa mjane, "Dada, nishikie kidogo, nipumzike." Binti akashika mpini wa jiwe, mkono haukubanduka tena, akasaga mpaka akafa. Jini akarudi kwenye jiwe. Akamwomba binti mdogo, naye akajibu, "Mikono yangu ina hina." Kwa kuwa hata jini hamgusi mwanamke mwenye hina mbichi, akageuka akaendelea kusaga. Hapo msimulizi husema, "Mto uichukue, sisi tubaki na mkate wetu," na hadithi imekwisha, na jini huyo hulala mpaka usiku atakaposimuliwa tena.

Dawia alimchora kwa mgongo, amevaa njano, mlima wa shayiri mbele yake umefika mawinguni. Nywele zake zilikuwa zinaingia ndani ya jiwe pamoja na nafaka.

Ilikuwa saa ya jua kali, wakati mji mzima umefunga madirisha na hata paka hawaonekani. Ghizlan alikuwa peke yake ghalani. Aliusikia mlio kwanza kwa mbali, gruu, gruu, jiwe juu ya jiwe, akafikiri ni gari la takataka. Kisha akakumbuka kwamba gari haliingii mtaa ule. Akainua macho. Kwenye picha mlima ulikuwepo, jiwe lilikuwepo, mpini ulikuwepo, ila mahali pa yule mwanamke wa njano palikuwa ubao mtupu.

Alitaka kusimama na miguu haikumtii, na mlio ule ulikuwa hautoki tena kwenye picha bali nyuma ya kiti chake, karibu kabisa, na pamoja nao ilikuja harufu ya shayiri ya moto na ya jasho la mtu aliyefanya kazi bila kuoga siku nyingi, harufu ambayo yeye aliijua vizuri kwa kuwa ndiyo harufu ya basi la wafanyakazi jioni, na akahisi unga ukimwangukia begani taratibu kama vumbi la dari, akasikia pumzi ikivutwa kwa shida, ikitulia, ikivutwa tena, mpaka sauti ya mwanamke, wala si ya kutisha, sauti iliyokauka tu, ikasema sikioni mwake:

"Dada. Nishikie kidogo."

Kilichomwogofya Ghizlan zaidi ya vyote ni kwamba alimwonea huruma. Neno "lete" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nje, muuza mnanaa akapiga kelele kumfukuza punda wake, na miguu ya Ghizlan ikafunguka. Alikimbia bila kuvaa viatu.

Madani alimkuta ameketi kwenye ngazi za karakana yake, nyayo zimeungua kwa mawe ya njia.

"Umeota, dada yangu. Joto hili linaotesha hata punda."

"Nenda kakae wewe."

"Nitakaa. Nitakunywa na chai juu."

Akaenda na birika lake. Alirudi kabla chai haijapoa, kope zake nyeupe kwa unga. Aliweka birika chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukizunguka polepole hewani, akaushika kwa ule wa kushoto mpaka ukatulia.

"Ameniangalia," alinong'ona. "Amesema hanitaki mimi. Anamtaka mwanamke mwenzake, anayejua kuchoka."

Wakamwita fakihi, Si Mfaddal, mzee mwema ambaye asubuhi hufundisha watoto na mchana husoma kwenye maziko, kwa hiyo naye alikuwa hoi kama wao. Alifukiza ubani, akasoma kwa sauti nzuri, akasoma, akapunguza, kisha akalala katikati ya aya, mdomo wazi, kilemba kimemshukia puani. La kuvunda halina ubani. Walimtoa nje wakamnyunyizia maji.

"Jini aliyeingia mwenyewe ninamtoa," alisema, akipangusa ndevu. "Huyu hakuingia. Ameitwa, na aliyemwita hajamwambia nenda. Muulizeni mwenye picha." Kisha akamtazama Ghizlan mikono. Viganja vyake vilikuwa vimeota malengelenge, yamejipanga mahali ambapo mtu hushika mpini. "Na msichelewe, binti yangu."

Dawia alikuwa kitandani, anakamulia limau kwenye bakuli la hina isikauke kabla hajajipaka. Alifanya hivyo kila mchana, na Ghizlan siku zote alidhani ni urembo wa kizee. Sasa alisimama mlangoni akaiangalia ile mikono, akamkumbuka binti mdogo wa hadithi.

"Mama," alisema, "ameniomba nimshikie."

Dawia hakuuliza nani. Aliweka limau chini.

"Umemjibu nini?"

"Nimekimbia."

"Mto upo?"

"Mto gani, mama?"

"Ule wa chini. Wa buluu. Nauchora mwisho, kila picha, hadithi iondoke nao. Hata akitazamwa mchana, mto upo, unamfungia."

Hakuna pa kujificha katika chumba kile kidogo. "Madani aliufunika na fremu," alisema Ghizlan. "Nilimwambia aufunike. Nilidhani unafutia brashi."

Mama yake alimtazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Miaka yote hii," alisema, "ulidhani nafutia brashi?"

Ghizlan akaanza kulia, na alilia vibaya, kwa sauti, kama alivyokuwa hajalia hata siku ya talaka. Alikuwa amezifuta vumbi zile picha mara ngapi, amezibeba, amezigeuza ukutani, na hakuwahi kusimama mbele ya hata moja. Kila mara alikuwa amechoka.

"Basi," alisema Dawia. "Lete bakuli. Tukifika usiku picha iko wazi hivi, atakufuata hapa. Lete mikono."

Akamimina hina yote iliyobaki kwenye viganja vya binti yake, akapaka juu ya malengelenge, mpaka kwenye vifundo. Ghizlan akauliza, "Na wewe?"

"Yangu ya jana inatosha. Mimi ni mzee, nani ananitaka?" Huo ulikuwa uongo, na wote wawili waliujua, maana hina ya jana ni rangi tu.

Walitembea hadi ghalani chini ya jua, Dawia akiegemea fimbo na bega la Madani, akisimama kila kona kulaani magoti yake kwa majina. Watu walifungua madirisha kuwachungulia. Ndani, mlio ulikuwa umeshaanza. Gruu. Gruu. Unga ulifika kwenye vifundo vya miguu.

Madani alifanya kazi kwa bisibisi na koleo, jasho linamtiririka kichwani bila nywele za kulizuia. Fremu ya komamanga ikatoka, mto wa buluu ukaonekana, na kitu fulani ghalani kikashusha pumzi. Fremu ya nyoka ikatoka. Fremu ya ndege. Kila moja ilipofunguka hewa ilipungua uzito kidogo. Alipofika kwenye ile kubwa akasimama, bisibisi mkononi, hageuki.

"Fungua," alisema Dawia.

"Lalla, nisamehe."

"Fungua, mwanangu."

"Hakuna cha kufungua. Ubao ulikuwa mrefu, haukuenea kwenye fremu. Niliukata kwa msumeno. Ule ukanda wa chini. Niliutupa kwenye gunia la vipande."

"Gunia liko wapi?"

Hakuna aliyehitaji jibu. Kila seremala wa Azemmour hupeleka vipande vyake kwenye tanuri la hamamu. Mto ule ulikuwa umepasha maji, watu wameogea, wameenda zao.

Mlio ukakoma. Kukoma kwake kulikuwa kubaya kuliko kusikika, kwa sababu katika ule ukimya walisikia nyayo zikija juu ya unga, tup, tup, nyayo za mtu anayeburuta mguu, na kutoka kwenye kivuli cha ukuta akatokea mwanamke wa njano, uso wake sasa ukiwaelekea, uso ambao Dawia hakuwahi kuuchora, wa kawaida kabisa, wa mwanamke unayeweza kumkuta popote akisubiri basi, isipokuwa macho yaliyokuwa mekundu na makavu na hayakupepesa hata mara moja, kwa sababu tangu alipoapa alijua kila akipepesa wanamuongezea.

Nyuma yake alikuwa akivuta jiwe, na mpini wake ulikuwa umesimama tayari.

"Dada," alimwambia Ghizlan. "Nishikie kidogo."

"Mwambie!" alinong'ona Dawia. "Mwambie mikono yako ina hina."

Ghizlan akaitazama mikono yake. Joto la njiani na la ghala lilikuwa limeikausha hina. Kwenye vidole ilikuwa imepasuka, inadondoka vipande. Jini naye aliitazama, akasogea hatua.

"Sijalala," alisema jini. "Niliomba kitanda tu."

Na Ghizlan, Mungu amsamehe, alihisi kitu kinakata ndani yake. Alijua maneno hayo. Angeweza kuyasema yeye. Mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe, vidole vikafunguka, na akajisikia akisema, "Pole, dada. Pole. Lete—"

"Nipe mimi."

Dawia alikuwa amesimama bila fimbo. Alipita kati yao, akaketi sakafuni kwenye unga, magoti yakilia kama mlango, akanyoosha mikono yake yenye hina ya jana.

"Nipe mimi, mwanangu," alimwambia jini, kama anavyosema mama kwa binti aliyerudi kazini. "Nimekusimulia maisha yangu yote sikukuuliza kama umechoka. Nenda kalale."

Jini alimtazama, midomo ikamtetemeka. Akauweka mpini kwenye kiganja cha mzee. Dawia akashika. Mkono ukaanza kuzunguka.

"Mama! Uache! Uache!"

"Haubanduki, unajua haubanduki." Dawia alikuwa ameshaanza kuhema. "Sikiliza. Sitaki kusaga mpaka nife, mimi si binti wa mjane. Fungua ngumi ya kushoto. Ina nini?"

Ghizlan alikuwa ameikunja ngumi ile kwa hofu tangu walipotoka nyumbani. Akaifungua. Ndani ya kiganja, hina ilikuwa bado mbichi.

"Chora mto."

"Wa buluu ndio mto. Hii ni hina, mama, na mimi sijui kuchora!"

"Umm Rabia ikifurika ina rangi gani?"

Ilikuwa na rangi ya hina. Kila mtu wa mji ule anajua.

"Mimi pia sikujua," alisema Dawia. "Chora kwa kidole."

"Nikiuchora, hadithi itaondoka nao, na wewe umo ndani."

"Ndiyo."

"Mama."

"Ghizlan, nimechoka," alisema Dawia. Katika maisha yake yote, binti yake hakuwahi kumsikia akilisema neno hilo. Lilikuwa la Ghizlan siku zote, hakumwachia mtu.

Madani alikuwa amegeukia ukuta, analia waziwazi. Ghizlan akapiga magoti mbele ya picha. Akachovya kidole kwenye kiganja, akakiweka kwenye pembe ya fremu ya mlozi, akavuta. Mstari ulitetemeka. Akachovya tena. Nyuma yake jiwe lilizunguka, na pumzi ya mama yake ilikuwa fupi, na kila inchi aliyoivuta aliivuta huku akitazama kwa mara ya kwanza pengo la yule mwanamke wa njano, lile jiwe, mlima uliochorwa punje kwa punje, na kwenye kila punje, ndogo mno, kitanda kilichotandikwa. Mama yake alikuwa amechora vitanda. Maelfu. Akafika kwenye pembe ya pili, akautoa mto nje ya fremu mpaka ukutani, hina ikaisha.

"Sema," alisema Dawia.

"Mto uichukue," alisema Ghizlan. Ikamshinda. Akaanza upya. "Mto uichukue, sisi tubaki na mkate wetu."

Jiwe likasimama.

Daktari alisema ni moyo, na kwa umri ule na jua lile nani angembishia. Tulimzika Lalla Dawia kesho yake, na waliomwosha walisema mikono ilikuwa mepesi, imefunguka, kama ya mtu aliyeweka mzigo chini. Picha kubwa haikuuzwa. Ukiitazama sasa, kwenye jiwe ameketi bibi mwenye kichwa kikubwa, ameegemea mlima wa shayiri, amelala. Mto wa hina unapita chini yake. Yule wa njano hayumo.

Jambo hilo Ghizlan hakulifikiria mpaka jioni ya maziko, wageni walipoondoka na mkate wa sadaka umekwisha. Alikuwa akipita barazani na bakuli tupu, akasikia sauti kutoka chumba cha mama yake. Alisimama. Ilikuwa pumzi, nzito, ndefu, ya mtu aliyezama usingizini baada ya miaka isiyohesabika. Harufu ya shayiri ilikuwa imejaa mlangoni. Kwa mwanya wa mlango aliona blanketi la mama yake limeinuka kwa umbo la mtu, na ncha ya nguo ya njano imening'inia hadi chini.

Kisha akauvuta mlango polepole, akaushika kwa vidole usigonge, ili asimwamshe.

Hakurudi kiwandani. Anaishi humo mpaka leo, anatembea peku, anaongea kwa kunong'ona, na wageni wakicheka kwa sauti huwawekea kidole mdomoni. Hulala kitini, usingizi wa paka. Na ukimtembelea wakati wowote, utamkuta na bakuli mapajani na nusu ya limau, anakamulia hina ya mikono yake isikauke.